Mikono Iliyokataa Kuacha Kukua

Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye viatu vimekubana ghafla ukiwa mtu mzima, na kila unayemwambia anakucheka. Mimi nilichekwa miaka minne. Tangu niolewe nilikuwa navaa namba thelathini na nane. Nikapanda thelathini na tisa, nikapanda arubaini, nikaishia arubaini na mbili, na muuza viatu akaniambia, "Mama, jaribu upande wa wanaume." Nikaenda huko huko upande wa wanaume. Nilichagua makubadhi ya kahawia nikatoka nayo miguuni, na kijana wa dukani aliponitazama mara ya pili nilimwuliza kama angependa nimwachie na picha.

Jina langu Rukiya. Kazi yangu ni kuchora hina. Nimezaliwa Mji wa Kale na nimeolewa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu, na kwa miaka ishirini akina mama wa mitaa ile walikuwa wakiniuliza kwanza kama nina nafasi ndipo wapange siku ya harusi. Sijisifu. Nakwambia ili ujue nilikuwa karibu kupoteza nini. Kuna watu maradhi huwashika tumboni, wengine kifuani. Mimi yalinishika mikononi, na mikono ndiyo niliyokuwa nayo.

Pete ndiyo iliyoanza. Siku moja haikutoka. Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya nazi, mwisho sonara akaikata kwa msumeno mdogo huku mimi natazama pembeni. Mume wangu Swaleh ni karani bandarini, mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Umenenepa, mke wangu." Mamake, Bi Khadija, anayekaa chini nasi tukakaa juu, yeye alisema ni mahamri. Nikaacha mahamri. Vidole havikuacha kunenepa.

Kisha vikaanza kufa ganzi. Koni ya hina hubanwa kwa vidole vitatu, taratibu, mstari utoke mwembamba kama unyele. Sasa koni ikawa inanidondoka na mimi sijui kama imedondoka. Viganja vikatoa jasho mpaka maua yakachujuka kabla ya kukauka. Bibi harusi mmoja, mtoto wa watu mwenye adabu zake, aliuvuta mkono akasema, "Bi Rukiya, samahani, waniumiza." Nilitoka kwao nikalia ngazini. Tangu siku ile simu zikapungua. Baadaye nikasikia watu wanasema nina nuksi, bibi harusi akishikwa na mkono ule ataingia na balaa nyumbani kwa mumewe. Waliosema hayo niliwachora mimi, na waume zao wapo mpaka leo.

Usidhani sikwenda hospitali. Nilikwenda mpaka nikachoka. Wa kwanza alinipa dawa ya presha. Wa pili alisema jasho ni umri, damu inataka kukatika. Wa tatu alinifunga kifundo cha mkono kwa ubao. Wa meno alishangaa meno yangu kuachana, akataka kunitia waya. Kila mmoja alitazama kipande chake cha Rukiya. Hakuna aliyerudi nyuma hatua mbili akanitazama mzima. Nyumbani Bi Khadija aliniandikishia kombe, aya za zafarani kwenye sahani ya kauri, zikaoshwa kwa maji ya waridi nikanywa. Nilinywa kwa moyo safi. Lakini taya liliendelea kutoka mbele, pua ikapanuka, sauti ikashuka mpaka nikipokea simu naitwa "bwana". Na kukoroma! Swaleh alihamia sebuleni na mto wake, kwa upole, bila kusema neno, na kule kutosema kulinichoma kuliko angesema.

Siku moja Bi Khadija akanipandia juu na kifurushi cha karatasi. "Mwanangu, vaa hii. Mato ya watu yana sumu." Ilikuwa ninja mpya kutoka Biashara Street, ile ya kuziba uso yakabaki macho tu, na glavu nyeusi, na soksi.

Nataka nieleweke hapa. Dada yangu huvaa ninja tangu msichana, kwa nia ya ibada, na namheshimu kwayo. Mimi sikuwahi kuvaa. Niliivaa ili nisionekane, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza niliyoifunga. Lakini nilikuwa nimechoka kutazamwa. Miezi minane nilipita Mji wa Kale kama kivuli cha mtu, na Bi Khadija akafurahi, akasema sasa nimetulia.

Basi ikafika harusi ya binti wa rafiki yangu wa utotoni. Hina alichora mtu mwingine, nikameza. Lakini kupamba nilialikwa, na kwenda nilitaka. Kupamba ndiyo siku bibi harusi hukalishwa mbele ya wanawake akatazamwa. Mwanamume haingii hata mmoja, na simu huachwa mlangoni, kwa kuwa ndani wanawake wamevua mabuibui wamebaki na magauni na nywele zao. Mlangoni alikaa Sada, mwanamke wa mabega mapana, aliyewekwa kwa kazi hiyo. Nilifika baada ya magharibi, nimejifunika kutoka utosini mpaka kidole cha mguu. Sada akapokea simu yangu, akanitazama makubadhi. Akanitazama glavu. Akanitazama makubadhi tena.

"Jina lako?"

"Rukiya," nikasema, kwa ile sauti yangu mpya.

Weee! Sada aliachia ukelele mpaka waliokuwa barabarani wakasimama. "Mwanamume! Mwanamume kavaa buibui! Mshikeni!" Ndani zikaanza mbio za kutafuta mitandio, viti vinaanguka, watoto wanalia. Wanawake wanne wakanikaba mikono, wa tano akaninyofoa ninja.

Taa zote za ukumbi zilikuwa usoni mwangu, uso ambao mtaa ulikuwa haujauona kwa miezi minane. Waliosimama mbele yangu wengi wao niliwachora mimi walipoolewa. Niliona wanavyoniona, na hakuna kioo kilichowahi kunionyesha vile. Mmoja akasema polepole, "Ni Rukiya. Subhanallah, ni Rukiya." Sada akaziba mdomo wake kwa viganja viwili.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki hapo hapo mlangoni nikalia, na kilio chenyewe kikatoka kizito, nikazidi kuona haya. Watu wakaanza kunipa pole, pole dada, pole mamangu, huku wakitazama pembeni. Mmoja tu hakunipa pole. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, mwanamke mfupi wa gauni la kitenge, mgeni aliyefanya kazi pamoja na mama wa bibi harusi. Jina lake Dama, Mkristo wa upande wa Kaloleni, muuguzi. Alinivua glavu moja akauweka mkono wangu juu ya wake.

"Dada, viatu umepanda namba ngapi?"

"Nne."

"Pete?"

"Ilikatwa."

"Wakoroma?"

"Mume wangu amehamia sebuleni."

"Una picha zako za miaka iliyopita?"

"Ziko kwenye simu," nikamwambia, "na simu anayo huyo aliyeniita mwanamume."

Dama akacheka. Alicheka sana, kwa sauti, hapo mbele ya watu waliofunga midomo, na mimi nikajikuta nacheka naye machozi yakinitoka. Akanambia nije kliniki ya homoni Jumatatu saa mbili asubuhi, nije na picha, moja kwa kila mwaka nitakaoweza. Kisha akanisimamisha, akanipangusa uso kwa mtandio wake, akaniingiza ndani akanikalisha safu ya mbele. Nilikaa uso wazi mpaka keki ikakatwa. Waliotaka kutazama walitazama.

Asubuhi niliikunja ninja nikampelekea dada yangu, ambaye anajua kuivaa. Bi Khadija alinikuta ukumbini nafunga mtandio.

"Baada ya aibu ile, ndiyo watoka uso wazi?"

"Aibu ya nani, mama? Mimi nimemwibia nani? Ile ninja ni ibada ya watu, si pazia la kufichia maradhi. Nimekufichia mkweo miezi minane, na maradhi hayakujificha hata siku moja."

Siku tatu chai yangu aliniwekea ngazini, akashuka.

Daktari wa kliniki alikuwa kijana wa bara, mpole, ananiita mama. Alizipanga picha zangu kwenye meza kwa miaka, nyingi za maharusini, nimesimama pembeni ya mabibi harusi wa watu. Tulizitazama pamoja. Uso ulikuwa unaondoka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na sisi tunaokaa nyumba moja hatukuuona ukiondoka. Swaleh alikuwa nami. Aliishika picha ya zamani kabisa akaishikilia muda mrefu. "Nilisema umenenepa," akasema. Basi. Lakini usiku ule aliurudisha mto wake chumbani, ingawa nilikuwa bado nakoroma.

Maelezo ya kitaalamu nawaachia wenyewe. Ninachokijua mimi ni kwamba chini ya ubongo kuna kitezi kidogo kama njegere, na changu kilikuwa kimeota uvimbe, si saratani, unaomwaga homoni ya kukuza, ile inayorefusha watoto. Mimi si mtoto, mifupa yangu haikuwa na pa kurefukia, ikapanuka. Jina la ugonjwa ni akromegali. Liandike mahali. Ukiambiwa ni mahamri, mwonyeshe.

Nilipotoka na jina hilo mkononi, mtu wa kwanza kubisha kwangu alikuwa Sada, na sahani ya vitumbua imefunikwa kitambaa. Alikuwa hajalala vizuri tangu harusi. "Dada Rukiya, nisamehe. Wallahi sikujua." Nilimkalisha, nikamwambia, "Sada, madaktari wanne hawakuona. Wewe umeona kwa dakika moja. Ungenyamaza ungeniua." Alilia, kisha akala vitumbua vinne kati ya vile alivyoniletea.

Walinipasua kupitia puani, wakati wa masika, mvua inanyesha hata madirisha ya wodi hayafunguki. Wiki kadhaa sikusikia harufu. Asumini, udi, samaki, vyote sawa, hewa tupu. Swaleh aliniachia uji jikoni nikauunguza mwenyewe, kwa kutosikia harufu yake ukishika chini. Uvimbe ulitoka, lakini kipande kilibaki, kimejibana kwenye mshipa mkubwa wa damu ambao hakuna mwenye akili angeugusa. Kipande hicho kikaendelea na kazi yake. Kwa hiyo nikaambiwa nitachomwa sindano, moja kila siku ishirini na nane, na mwisho wake haujulikani.

Tangu hapo sihesabu miezi kwa majina yake. Nahesabu kwa sindano.

Sindano ya kwanza Bi Khadija alitaka kuja. Alikuja na thermosi, leso ya kukalia na tasbihi, akakaa kwenye benchi mbele ya chumba cha Dama kama mtu aliyekuja kuposa. Chumba kile cha kungojea nakijua sasa kuliko sebule yangu. Kina feni mbili, na moja tu inazunguka, ile ya upande wa dirisha, kwa hiyo fika mapema. Runinga haina sauti. Watu hawaulizani unaumwa nini, huulizana umefika saa ngapi. Siku ile wote waliokuwa pale walinitazama, kisha wakamtazama Bi Khadija waone kama ananionea haya. Alinyoosha mgongo akawatazama na yeye mpaka wakageuka.

Dama alipotuita, Bi Khadija akawahi kuuliza. "Binti yangu, dawa hii imetoka kwa mnyama gani? Kama ni nguruwe, sema sasa."

"Haijatoka kwa mnyama, bi mkubwa. Imeungwa maabara." Dama alivuta kiti akakaa mbele yake, kazi akaiweka kando. "Mwilini mwetu mna kitu kinachoizuia hii homoni isizidi. Ni kipande kifupi cha jamii ya protini, huitwa peptidi. Kifikirie kama uzi wa shanga kumi na nne."

"Shanga nazijua."

"Basi uzi ule wa mwilini haudumu. Dakika chache tu umekatika. Wataalamu wakaufupisha, wakabakisha shanga nane, na baadhi wakazibadilisha ili mwili usiweze kuukata upesi. Ndio huu. Ukichomwa kwenye nyama, watoka kidogo kidogo mwezi mzima, na ule uvimbe wadhani ni amri ya mwili wenyewe, wanyamaza."

"Mbona asimeze tu kidonge, mkaacha kumtoboa?"

"Huu wake akiumeza, tumbo litausaga kama linavyosaga samaki wa mchana."

Bi Khadija aliteremsha tasbihi yake vidole vitatu vinne, anafikiri. "Haya. Aliyewapa akili ya kuunga ni Yeye. Mchome." Akageuza uso ukutani, kwa kuwa sindano yenyewe huchomwa matakoni na yeye ana haya zake.

Sitakudanganya kuhusu siku zinazofuata. Tumbo langu lilivurugika siku tatu kila baada ya sindano, mlango wa choo nikaujua kwa kuhesabu hatua. Biriani ikawa adui. Lakini baada ya sindano ya tatu niliamka asubuhi moja nikahisi kitu cha ajabu: shuka lilikuwa kavu. Jasho lilikuwa limekatika. Baada ya ya nne nikaokota sindano ya kushonea sakafuni, nikahisi ncha yake kwenye kidole. Nikajichoma tena makusudi. Niliita nyumba nzima waje waone nimeumia.

Daktari hakunificha. Nilimwuliza, vidole vitarudi? Akasema nyama itapungua, mifupa haitarudi, ilivyo ndivyo itakavyobaki, kazi ya dawa ni kuizuia isiendelee. Nikamwuliza, nitachora? Akasema yeye si mchoraji. Nililipenda jibu lile kwa sababu halikunidanganya, lakini nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Nilichukua unga wa hina, nikakanda, nikajifungia chumbani, nikachora kwenye karatasi ya nailoni mpaka adhuhuri. Ule mstari wa unyele ulikuwa umekwenda. Nilichora ishirini, thelathini, yote ilitoka minene na imepinda. Nikaikunja ile karatasi nikaitupa, kesho yake nikaanza tena.

Karibu na Ramadhani, baada ya sindano ya tano, ndipo tulipopata hasara. Dawa ya sita Swaleh alikuwa ameshaileta kutoka duka la dawa, ameipakata ndani ya kisanduku chake cha baridi, kwa kuwa hairuhusiwi kushika joto. Iliwekwa friji, rafu ya kati, na karatasi nimeibandika: Usiguse. Sasa wewe unayekaa nasi unajua nyumba zetu zikoje wiki ya mwisho ya Shaabani. Bi Khadija alikuwa amekaa chini na jirani wawili wanakunja sambusa za mwezi mzima, mamia, na friji ikajaa manda za kukunjia na nyama ya kusaga mpaka mlango haufungi. Akaiona dawa yangu imesukumwa ukingoni mwa rafu, imesongwa na bakuli la nyama. Akaionea huruma. Akaitia kwenye friza, katikati ya sambusa, mahali penye baridi kuliko pote.

Niliikuta siku mbili baadaye, imeganda kama jiwe. Dawa hii hukaa kwenye baridi lakini haigandishwi. Ikiganda imekwisha, ni ya kutupa.

Nilipiga kelele ambazo sijivunii. Nilimwambia Bi Khadija kwamba tangu mwanzo alitaka nifichwe, kwanza uso, sasa na dawa. Nilisema maneno mengine ambayo nimemwomba radhi na siyarudii hapa. Swaleh alisimama katikati yetu, mamake upande huu, mkewe upande huu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alipaza sauti: "Basi! Nyote wawili, basi!" Bi Khadija alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi ya nazi, mikono imejaa unga. Akasema, "Nilidhani baridi ikizidi ndiyo bora. Nilikuwekea palipo bora."

Nilimwona kumbe ni mwanamke mzee aliyekuwa ananiogopea, tangu ninja mpaka friza, na hakujua njia nyingine ya kuogopa ila kunifunika. Nilikaa chini nikachukua manda nikaanza kukunja sambusa naye. Vidole vyangu vilikuwa vinachana manda, zikatoka za ajabu ajabu, lakini Bi Khadija alizipanga pamoja na zake.

Sindano ya sita ilichelewa wiki tano. Ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi, ikose. Jasho lilirudi, kichwa kikaniuma nyuma ya macho, ganzi ikapanda mpaka kiwikoni, nami nimefunga. Jioni moja, tumeshafuturu, Swaleh alinichukua ufukoni Mama Ngina nipate hewa. Kulikuwa na watu tele. Mwuza mihogo alinitazama, akamgusa mwenzake kiwiko, wakanong'ona. Zamani ningeshusha mtandio. Nikamwendea mpaka mbele ya karai lake. "Yakhe, tazama vizuri, halafu nikatie ya watu wawili, pilipili uzidishe." Alinikatia, akaongeza vipande viwili vya haya. Swaleh alicheka njia nzima.

Dawa ilipopatikana, Bi Khadija mwenyewe ndiye aliyeipakata garini. Na usiku wa kuamkia Idi aliniita chini, akanyoosha miguu yake juu ya kigoda. "Nichore."

"Mama, mstari hautoki."

"Nani kakwambia nataka mstari? Nichore utakavyo."

Nilikata koni mdomo mpana. Niliifunga kitambaa niishike kwa ngumi nzima, si kwa vidole vitatu, nikasogeza mkono wote kutoka begani. Yakatoka maua makubwa, manene, majani mapana yanayozunguka kifundo, kitu ambacho sikuwahi kuchora nilipokuwa na mikono yangu ya zamani. Yale ya zamani sitayarudia tena, na yananiuma mpaka leo, sitaki mtu aniambie nishukuru. Lakini haya yalikuwa mapya na yalikuwa yangu. Bi Khadija alitembelea nyumba kumi na moja Idi ile, na kila nyumba alivua viatu taratibu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya sindano ya kumi, kaskazi imeshaanza, bibi harusi akanipigia simu mwenyewe. Anaitwa Fatma. Alisema ameiona miguu ya Bi Khadija kwa shangazi yake, na anataka kama ile.

Nilikwenda kwao mapema asubuhi. Yule shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi, mama wa heshima, dhahabu mpaka kiwikoni, na hakunikaribisha. Alinisubiri nitandaze vitu vyangu ndipo akasema, si kwangu, kwa mama wa Fatma, lakini nisikie: "Mimi nilitaka aitwe mwingine. Siku ya heri mtu hachezi na nuksi. Tazama mikono ile."

Mama wa Fatma akatazama zulia. Miaka minne ya ganzi, kisu puani, sindano kumi, na yote yamekuja kusimama mbele ya mama huyu mmoja: akisema nitoke, natoka, na mtaa mzima utasikia kabla ya adhuhuri.

"Itazame," nikamwambia. Nilivua buibui, nikapandisha mikono ya gauni, nikaviweka viganja vyote viwili juu ya meza ya kahawa mbele yake. "Itazame mpaka utosheke, bi mkubwa. Ilikuwa na maradhi, yana jina, na yana dawa. Hayaambukizi wala hayaingii nyumba ya mtu. Mwenye nuksi ni aliyenichongea. Sasa kama umemaliza, nina kazi."

Fatma akanyoosha mkono wake. "Anza, Bi Rukiya," akasema. Hakumtazama shangazi yake.

Nilichora saa tatu bila kuinuka. Jasho halikutoka. Koni haikudondoka. Maua yalipanda kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko, mazito, meusi, na wasichana wa nyumba wakaja mmoja mmoja wakakaa sakafuni kutazama, mpaka ikawa kimya kile kizuri ninachokijua, cha watu wanaoogopa kupumua wasije wakaharibu. Niliona shangazi amesogea ukingoni mwa kochi, kisha amesogeza miwani, kisha amekuja kukaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu yangu.

Nilipomaliza nikajinyoosha mgongo. Alikuwa amevua bangili zake zote za mkono wa kulia, ameziweka mapajani. Akauleta mkono.

"Na mimi," akasema, anatazama dirishani. "Kidogo tu."

Niliushika kwa vidole vyangu vyote vitano, vinene kama vilivyo, nikauweka juu ya goti langu.

"Kidogo sichori," nikamwambia.